Nilivyomhamisha Mama Mkwe Chama

Ndugu zangu, leo nimeaibika, tena kwa vipaza sauti. Njiro nzima imesikia.

Asubuhi mama mkwe, anayeishi nasi, alinipa kadi yake ya bima ya afya nikamchukulie dawa za presha. "Baba Neema, nenda na urudi. Usipite kwenye mkutano wa wale watu." Wale watu ni chama kinachoshindana na chake. Mama ni Mlutheri wa Machame, na kuna mambo mawili hajawahi kuyabadilisha maishani: kanisa na chama. Mimi sina chama. (Nimeandika makala kadhaa kuhusu hilo. Hakuna aliyekuwa ameuliza.)

Dawa nikapata. Kisha nikapita kwenye mkutano. Nilijiambia ni utafiti! Mgombea urais alikuwa anakuja, nami nilitaka kuziona kwa macho yangu zile mbinu ninazozikejeli kila wiki: wasanii, kofia za bure, na hasa wale wanaopanda jukwaani kurudisha kadi za chama walichokihama. Niliwahi kuandika kwamba nusu yao ni wa kuazima.

Mgombea akachelewa. Jua likawaka. Kando ya jukwaa kulikuwa na turubai, viti na maji baridi. Dada mmoja wa chama akaniona nafuta jasho.

"Shikamoo mzee. Karibu kivulini, ukae na wenzako."

"Marahaba, mwanangu. Mungu akubariki."

Nikakaa. Nikanywa maji. (Na shahada yangu yote, sikujiuliza wenzangu ni akina nani.)

Mara mshereheshaji akapaza sauti: "Sasa tuwapokee wanaorudi nyumbani!" Safu yetu yote ikasimama. Nami nikasimama. Nimelelewa kanisani, wenzako wakisimama, unasimama. Dada akanishika kiwiko, "Taratibu na ngazi, mzee," na nilipozinduka niko jukwaani.

Wenzangu wakatoa kadi mmoja mmoja. Zamu yangu ikafika, mshereheshaji akanigeukia.

"Mzee wetu, kadi!"

"Kijana, mimi nilikuwa kivulini tu."

"Mzee anaona aibu! Mpeni moyo!"

Wakanipa moyo. Jamani, uwanja mzima ukikupigia vigelegele, mkono unafanya kazi bila kukuuliza. Nikachomoa kadi pekee iliyokuwa mfukoni. Nilitegemea ataona ni ya bima, atacheka, nishuke zangu.

Hakuona bima. Aliona jina.

"Ndeanasia Elifuraha!" Akaiinua juu. "Huyu ni nani wako, mzee?"

"Mama mkwe, lakini..."

Kipaza sauti kikachukua "mama mkwe". "Lakini" ikabaki mdomoni mwangu.

"Bibi yetu kamtuma mkwewe! Kasema amechoka na wale! Karibu nyumbani, Bibi Ndeanasia!"

Uwanja ukalipuka. Na vipaza sauti vya kampeni mnavijua, haviheshimu ukuta wa mtu. Vinafika mpaka barazani kwetu.

Nilibembeleza nikarudishiwa kadi. Nikapewa na kofia.

Nyumbani nikamkuta mama barazani, anaongea na simu. "Ndiyo, nimesikia. Hapana, sijahama, nipo hapa hapa kwenye kiti changu." Akakata. "Ni kwaya ya akina mama. Wananiombea."

"Shikamoo mama."

Badala ya kuitikia, akaitazama ile kofia mkononi mwangu. Tangu nimuoe binti yake, salamu yangu haijawahi kukosa marahaba. Nikaweka dawa mezani na kuungama yote: mkutano, jua, turubai, maji, ngazi. Nilipofika kwenye ile "lakini" iliyonikwama, mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. (Nilishaanza kutafuta namba ya mchungaji.) Kumbe anacheka! Akacheka mpaka akavua miwani.

"Marahaba," akasema mwishowe. "Unaandika magazetini kila wiki, halafu unashindwa kusema neno moja kwenye kipaza sauti?"

"Nisamehe mama."

"Nimeshakusamehe. Kesho sisi tuna mkutano wetu. Utanipeleka. Utapanda jukwaani useme mama hajahama, na hiyo kofia uirudishe mbele ya watu."

Kwa hiyo kesho mimi, nisiye na chama, nitakuwa nimerudi nyumbani mara mbili, kwenye nyumba mbili tofauti. Nawaomba msije. Mkija, chekeni, ila vigelegele hapana. Mkono wangu mnaujua.