Wasafiri Mia Tatu wa Kwenye Mashine

Jumatatu, 4 Machi 1996. Malaba.
Kompyuta imewaka! Mara ya nne, lakini imewaka. Sista Magdaline wa parokia anatafuta njia ya kuwatambua wasichana wanaovushwa mpakani kwa ahadi za uongo, ili wakauzwe. Nimemwambia njia ninayo. Nimeumba wasafiri mia tatu ndani ya mashine, kila mmoja na umri, mzigo na safari yake. Arobaini kati yao wametekwa. Nawauliza maswali kumi na mawili, naona yanamnasa nani. Ijumaa Sista ataamua nani asimamie meza ya kuwahoji wasafiri mpakani: mimi, ama Amuron muuza chai. Muuza chai! Ati ana macho.

Jumanne, 5 Machi
Siwezi kukaa. Nazunguka chumba tangu asubuhi. Stima imepotea mara mbili, wasafiri wangu wakapotea nayo. Nimewaumba upya. Matokeo: wote arobaini wamenaswa! Nikamkimbilia Amuron na karatasi. Akauliza hao mia tatu ni watu wa wapi. Nikasema hawana kwao. Akasema mtu asiye na kwao hajawahi kumpikia chai. Wivu tu.

Alhamisi, 7 Machi
Majaribio na watu wa kweli. Ole wangu! Kufika saa nne karatasi yangu ya maswali ilikuwa imenasa watu kumi na tisa. Hawana mizigo, hawana vitambulisho. Kumbe huku mtu anavuka kununua chumvi tu na kurudi! Nimemnasa katekista. Nimemnasa mama mkwe. Amesema nikome, na kwamba binti yake alionywa kabla ya harusi.

Ijumaa, 8 Machi
Sista mwenyewe alikuwepo. Akaja msichana kutoka upande wa Uganda, Asio, miaka kumi na minne hivi, pamoja na mama mmoja nadhifu. Maswali yote yakajibiwa sawasawa. Anaenda Nairobi kusoma. Yuko na shangazi yake. Kwenye hesabu yangu, shangazi anapunguza alama ishirini za hatari! Nikagonga muhuri: SALAMA. Hata safari njema niliwatakia, mjinga mimi.

Amuron akawakaribisha chai. Akamuuliza msichana kwa Kiteso ukoo wa baba yake. Ikatekok. Akamuuliza yule mama ukoo aliozaliwa. Irarak. Amuron akaweka birika chini. Akasema shangazi ni dada ya baba, sasa huyu baba alizaliwa koo mbili? Mama akasema anaenda haja. Hajarudi mpaka sasa.

Asio alilia nikashindwa kumtazama. Alisema huyo mama walimjua juzi tu, sokoni, na kwao walishauza mbuzi wamnunulie sare ya shule. Kesho Sista anamrudisha nyumbani.

Meza amepewa Amuron. Sista aliniambia kwa upole kwamba watu wangu wa mashine wana kasoro moja: hawajui kudanganya.

Jumapili, 10 Machi
Mahubiri sikusikia hata neno. Sista alisema kweli, nakiri. Kosa dogo sana! Mchana kutwa nimewafundisha wasafiri wangu uongo wa kila aina. Kisha nikaongeza swali la kumi na tatu: Je, unadanganya?

Waongo wote wamejibu ndiyo. Hakuna hata mmoja aliyeponyoka! Maskini Amuron, kesho atarudia birika lake.