Bawa Linakata Kona Yangu

Jumatatu, tarehe 3

Kiwanda kimekuja mji huu kwa sababu yangu. Naam, mimi, kinyozi wa kona! Bila mimi wale mabwana wa kofia ngumu wangepita moja kwa moja.

Haya, si kweli. Nilichofanya ni kumwonyesha mmoja wao choo cha stendi. Lakini alikuwa na haraka sana, akanishukuru sana, kwa hiyo najiona nimechangia.

Wanatengeneza mabawa. Si ya ndege. Ni yale mapanga ya mitambo ya kufua umeme kwa upepo. Bawa moja ni refu kuliko mtaa wetu, na njia ya kulitoa ni moja tu: linakata kona mbele ya baraza langu la kunyolea. Leo mpima wao kachora mstari mweupe kando ya baraza. Akasema kuvuka mstari huo kisiwekwe kitu, hata kigoda. Nikamwambia bila shaka, mwanangu.

Ng'ambo ya barabara yupo shemeji yangu, kaka wa marehemu mke wangu. Fundi viatu. Tunamwita Msumari, maana misumari haimtoki mdomoni, anaongea kwa pembe ya midomo kama mlango wenye kutu. Kibanda chake kilikuwa kimeingia barabarani. Kampuni ikakibomoa, ikamjengea kingine: matofali, dirisha la kioo, vigae sakafuni. Vigae! Mtu anayeshona kandambili! Baraza langu halijavuka mstari, kwa hiyo sipati kitu. Uaminifu una hasara zake.

Mchana kutwa ananiuliza kama nimeviona vigae. Nimeviona. Hata kipofu angeviona.

Jumanne, tarehe 4

Nimepata akili. Baraza likivuka mstari, watalibomoa. Wakilibomoa, watanijengea. Nimemwita yule mwashi ambaye kuta zake huanguka zenyewe, nikamwagiza nguzo moja juu ya mstari na bati la kivuli. Akauliza ya nini. Nikasema wateja wanaungua na jua. Kufika jioni mstari ulikuwa umelala chini ya nguzo kama mgonjwa na blanketi.

Msumari akavuka kuja kutazama. Akaizunguka. Akasema nguzo nzuri, shemeji, ila imekaa kama mgeni asiyealikwa.

Wivu huo.

Alhamisi, tarehe 6

Balaa!

Nimemsubiri mpima aje anibomolee. Haji. Wameshapima, wanasema, bawa la kwanza linatoka Jumamosi.

Hilo bado si balaa. Balaa limeingia jioni kwa mlango wa nyuma, likiwa na kofia ngumu kichwani: binti yangu, kitinda mimba, ninayeishi naye hapa nyuma ya baraza. Dereva. Amekuwa akijifunza lile tela refu huko kiwandani, na leo wamemchagua. Bawa la kwanza atalitoa yeye! Alikuwa akila huku anacheka peke yake. Kisha akaacha kucheka. Akasema, Baba, huu ndio mtihani wangu, bawa likikwaruzwa kazi sina, narudi kwenye lori la mchanga la yule bwana asiyetengeneza breki.

Lori lile nalijua. Lilimtupa mtaroni. Kovu liko juu ya jicho, na kila nikimkata nywele naacha kijishungi cha kulifunika.

Anatoka alfajiri kwa nyuma, anarudi kwa nyuma. Nguzo hajaiona. Nikamwambia atapita kama maji.

Wanasema kinyozi hajinyoi. Kweli. Nanyoa mji mzima, akili yangu imeota msitu.

Ijumaa, tarehe 7

Asubuhi nimekwenda kumwambia msimamizi kwamba kona ile ina kisirani, wapitie darajani. Akasema daraja halilibebi. Akaniuliza kama kona iko wazi. Mdomo ukasema iko wazi. Mdomo huu haujawahi kuniuliza kabla ya kufunguka.

Nikarudi nibomoe. Nguzo ngumu! Mwashi yule maisha yake yote anajenga biskuti, safari hii kajenga mwamba. Na Msumari huyo mlangoni, ananitazama. Nikiibomoa mbele yake nitasimangwa mpaka kaburini. Nikajifanya naipapasa tu, kama mtu anayekagua ng'ombe. Akauliza kama inaumwa. Nikasema inaendelea vizuri.

Kesho alfajiri naibomoa, kabla hajafungua.

Jumamosi, tarehe 8

Nilipitiwa na usingizi. Nimeamshwa na kelele za watu.

Mji mzima ulikuwa barabarani. Bawa likatokea, jeupe, refu, haliishi, kana kwamba mtu anaivuta barabara yenyewe. Mbele gari la kusindikiza, pembeni mshika bendera. Juu kwenye lori mwanangu, uso mkavu. Likaanza kukata kona. Mbele kukapita. Katikati kukapita. Kisha ncha ya nyuma ikaanza kufagia upande wangu, polepole, ikiifuata nguzo.

Bendera nyekundu! Lori likasimama. Kati ya bawa na nguzo, upana wa kiganja tu. Kurudi nyuma hawezi, tairi za tela zimeshabana ukingo wa mtaro. Na upepo ukavuma. Bawa nalo, si limeumbiwa upepo? Likaanza kupumua. Linaikaribia nguzo. Linaondoka. Linaikaribia. Binti yangu akageuza shingo, akaiona nguzo, akaniona mimi. Afadhali angenitukana.

Nikapiga ukelele, nyundo! Msumari akatema misumari yote chini. Sijawahi kuona! Akavuka mbio: "Shemeji, shika!" Ile ya kugongea visigino. Nikaipiga nguzo nayo. Tik, tik. Watu wakacheka huku wanaogopa. Mshika bendera akaleta nyundo kubwa ya gari lao. Nikapiga mimi, akapokea shemeji, nikapokea mimi. Nguzo ikapasuka, ikalala upande wangu. Bati likayumba kuelekea bawa. Msumari akalidaka kwa kifua, akaanguka nalo. Nguzo iliangukia baraza la zamani, baraza likaangukia kioo changu.

Bawa likapita. Bila mkwaruzo! Watu wakapiga vigelegele. Nikawapungia mkono.

Jioni binti karudi. Kazi kapata. Akasema ile nguzo Jumatatu haikuwepo. Nikasema vitu huota. Akanisogezea sahani bila kunitazama. Baadaye kidogo akaniwekea kipande chake cha nyama.

Jumatatu, tarehe 10

Kampuni haijengi. Msimamizi anasema wao hawakubomoa, nimebomoa mwenyewe, shahidi mji mzima. Kanipa kofia ngumu ya shukrani. Asubuhi nimenyoa watu juani nimeivaa.

Mchana Msumari, kifua kimefungwa bandeji, akaniita nihamishie kiti kwake mpaka nijijengee. Nimekwenda. Vigae vina ubaridi mzuri miguuni, siwezi kukana. Anaringa, ila mstaarabu. Anasema bawa la pili linatoka mwezi ujao. Refu zaidi!

Binti yangu, najua daftari hili unalisoma nikiwa kazini, maana kila mara nalikuta limefungwa vizuri kuliko nilivyoliacha. Basi soma na hapa. Kesho mwashi anaanza ukuta wangu mpya, safari hii nyuma ya mstari kabisa, mtu asiniseme. Mwashi ni yule yule, nimemwomba arudie biskuti. Nilikubomolea nguzo mbele ya watu, na ahsante sikuidai. Nakudai kitu kidogo tu. Bawa usiliguse, Mungu apishe mbali. Ila ukifika kwenye kona, tairi la nyuma la tela liuguse ukuta. Kidogo tu, mwanangu, kama unavyomgusa mtu begani. Vigae napenda vya bluu.