Gurudumu la Tano Si Spea, Mjomba

Chumba cha Nyuma,
Kando ya Mashine ya Kufulia,
Merrylands.
Jumatano, 22 Septemba 2021

Kwa:
Mwenyekiti wa Kamati ya Kuchagua Pikapu,
Chumba cha Mbele,
Nyumba hiihii.

YAH: MALALAMIKO JUU YA GARI LINALOKUJA JUMAMOSI

Mheshimiwa Mjomba Gregori,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima mezani jikoni, ambapo nimekuacha dakika tano zilizopita ukiwa mzima mezani jikoni.

Naandika kwa sababu umeniambia niandike. Jana nilipofungua mdomo kuhusu hilo gari ulivua miwani ukasema, "Nehemia, neno la mdomo halina namba ya jalada. Una lalamiko, liandike: kosa, madhara, unachotaka." Najua ndivyo mnavyowaambia watu huko ofisini kwako Parramatta, na najua wengi huishia hapohapo. Mimi si wengi. Mimi nimesoma ufundi wa magari mihula miwili kasoro wiki tatu, na hizo wiki tatu waliokosa ni wao.

Kwa faida ya jalada, nianze na yale tusiyobishania. Mwezi wa sita, wiki moja kabla ya jiji kufungwa kwa ajili ya korona, ulinunua nyumba ya kukokotwa kutoka kwa mzungu mmoja mstaafu. Ina mita kumi, kitanda, jiko na choo. Ililetwa na lori, ikashushwa hapa uani, lori likaenda zake. Mwezi wa saba mkeo, Mama Vicky, akahamia humo, kwa kuwa anauguza wazee kwenye kituo na wewe una pumu, naye hakutaka kukuletea ugonjwa kitandani. Ukamwahidi mbele yetu sote kwamba siku wakifungua njia utaivuta hiyo nyumba mpaka mjini Kiama, ufukweni penye mnara wa taa, akalale akisikia mawimbi badala ya mashine yangu ya kufulia. Kwa hiyo linatakiwa gari la kuvuta. Na Jumamosi saa nne asubuhi muuzaji analeta pikapu ulilolichagua, utie sahihi.

Nakusihi usitie. Sababu ni hizi.

1. Neno lenyewe.

Wenyeji huiita nyumba ya aina ile "fifth wheel". Wewe, ambaye hutaki Kiingereza kivuke kizingiti chako, ulilitafsiri palepale: gurudumu la tano. Tafsiri safi, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni ulichofanya baada ya hapo. Ulikaa, ukahesabu: gari lina magurudumu manne, la tano ni lipi? Spea. Ukaridhika, ukashushia na chai.

Tangu siku hiyo umepigia simu wauzaji kumi na wanne, na kila mmoja umemuuliza kama gari lake lina gurudumu la tano. Wale watu wakadhani ni mzee mwenye adabu anaulizia spea. Wakajibu ndiyo, lipo, zima kabisa, limefungwa chini ya bodi. Huyu wa Jumamosi alikutumia na picha yake. Umeiweka kwenye kioo cha simu, mahali palipokuwa na picha yenu ya harusi.

Mjomba, kwa heshima zote nilizoweza kukusanya humu chumbani: hapo ulichemsha. Gurudumu la tano si gurudumu. Ni sahani nene ya chuma inayofungwa ndani ya bodi ya pikapu, juu ya ekseli ya nyuma. Shingo ya nyumba inakuja mpaka juu ya bodi, pini yake inashuka kwenye ile sahani, inajifunga. Lori lililoileta lilikuwa na sahani hiyo. Ulikuwa umesimama pale. Ulikuwa unampa dereva maelekezo.

Na uliambiwa. Vicky, mwanao wa miaka kumi, aliona kwenye video mwezi wa nane akakuambia mezani kwa Kiingereza kwamba umekosea. Ukamwambia, "Humu ndani sema Kiswahili." Mtoto akaweka uma chini, akatafuta maneno, akayapata. Akasema, "Gurudumu la tano si gurudumu." Ukamwambia asikuletee vitendawili wakati wa kula.

2. Banda.

Pikapu la Jumamosi limechomelewa banda la bati juu ya bodi, la kufungia vifaa, lenye vitasa viwili. Wewe umelipenda kwa sababu ya vitasa. Mahali pa sahani ni humo ndani ya banda. Shingo ya nyumba itapita wapi, Mjomba? Itabisha hodi?

3. Uzito.

Nyumba ikiwa na maji, gesi na yale masufuria ya Mama Vicky inakaribia tani tano. Pikapu lako mwisho wake ni kuvuta tani tatu na nusu. Hayo sikuyatoa kichwani, ingawa yangeweza kutoka humo. Yameandikwa kwenye kibati cha nyumba karibu na ngazi, na kwenye tangazo la gari chini kabisa, ambako watu wanaotazama picha za spea hawafiki. Tena karibu tani nzima ya huo uzito haivutwi, inabebwa. Inalala juu ya mgongo wa gari. Kale kagari mgongo wake ni wa kubeba ngazi na mbwa.

Na njia ya kwenda Kiama ina ule mteremko mrefu wa kushukia Wollongong. Pale hutakuwa unavuta nyumba, utakuwa unafukuzwa nayo. Kwamba mtafika kiama sikatai. Ila hakitakuwa kile chenye mnara wa taa.

4. Hesabu yako, tuseme ni sahihi.

Mimi ni mtu wa haki, basi nakupa: gurudumu la tano ni gurudumu. Sasa lile pikapu kubwa la Kimarekani nililokuonyesha, lenye nguvu ya kuvuta nyumba yetu na ya jirani, lina matairi pacha nyuma. Jumla sita. La tano hapo ni lipi? Kwa kuhesabu kuanzia kwa dereva, ni la nyuma kushoto, la ndani. Kwa hiyo, kwa kanuni yako, tutaifunga nyumba kwenye tairi la nyuma kushoto la ndani, na tukiliwasha gari nyumba itazunguka kama nguo kwenye mashine. Mama Vicky atatoka humo msafi.

Sidhani ndivyo ulivyokusudia, lakini ndipo hoja yako inapotupeleka.

5. Mshauri wa Kamati.

Kamati yako ina wajumbe wawili: wewe, na Bwana Gitau wa nyumba ya pili, ambaye kwa sababu ya sheria za ugonjwa huhudhuria akiwa upande wake wa uzio, kidevu juu ya ubao. Bwana Gitau ni mtu mwema. Lakini ulipomuuliza kuhusu nguvu ya gari alikwambia, "Grego, hiyo gari iko fiti. Spea yake haijawahi guza lami." Nilipomuuliza mimi shingo ya nyumba itapita wapi akanijibu, "Hiyo itajipanga." Ujuzi wake wa kuvuta ni kwamba aliwahi kuendesha lori la maziwa huko kwao Kiambu, na hata hilo alikiri mwenyewe kuwa lilikuwa likivutwa na trekta mara kwa mara.

Sitaki aonekane hana faida. Mwezi wa nane alitupitishia juu ya uzio mifuko mitatu ya saruji iliyombakia, na ndiyo niliyomjengea Mama Vicky baraza mbele ya nyumba yake, peke yangu, kwa siku mbili, bila ramani. Polisi waliopita kuhakikisha tuko ndani walisimama wakaliangalia. Mmoja akalikanyaga kwa buti, akatikisa kichwa kwa heshima. Halina ufa. Jengo lile litatuzika sote.

6. Dirisha.

Hapa naomba uvumilivu, maana ni la ndani ya nyumba.

Kila siku saa kumi jioni unachukua kiti cha jikoni, unakiweka mita mbili kutoka dirisha la Mama Vicky, mnavaa barakoa wote wawili, unamsomea magari. Unamsomea ukubwa wa injini. Unamsomea gia. Juzi ulimsomea ujazo wa tangi la dizeli kwa sauti ambayo watu hutumia kusoma barua ya posa. Naye anaitikia: "Ehe. Na breki zake?" Unafungua ukurasa mwingine. "Hili je, viti vyake vya ngozi?" Unasema la, vitambaa. "Basi hilo hapana, baba Vicky. Nitafutie jingine kesho." Kisha anacheka, wewe unacheka, chai inapoa, na mimi nimenasa kwenye chumba cha kufulia kwa sababu nikitoka nitaonekana nilikuwa nasikiliza.

Madhara: wiki kumi na mbili zimekwisha. Mtu aliyenunua nyumba kwa dakika kumi ameshindwa kununua gari kwa miezi mitatu. Na sasa, kwa kuona aibu ya kuchelewa, unakimbilia la kwanza lenye spea nzuri.

7. Dereva.

Bado hujateua dereva. Nimesubiri kwa staha. Katika nyumba hii kuna mtu mmoja tu aliyewahi kurudisha tela nyuma bila kugusa kitu, na anaandika barua hii. Tela lilikuwa la majani, lakini sheria ya kurudi nyuma ni ileile: unazungusha usukani kinyume na akili. Wewe, Mjomba, una akili nyingi mno kwa kazi hiyo.

Najua utaleta suala la leseni yangu, kwamba ile herufi P nyekundu ya dereva mpya hainiruhusu kuvuta kitu kinachozidi kilo mia mbili na hamsini, yaani banda la kuku pamoja na kuku wake. Hilo ni suala la muda, na muda ndicho kitu pekee kisichopungua mwaka huu.

UNACHOTAKA, kama ulivyoagiza:

Kwanza, muuzaji wa Jumamosi arudishwe na spea yake.

Pili, linunuliwe lile la Kimarekani, lifungwe sahani, na jina langu liandikwe mlangoni upande wa dereva. Herufi ndogo zinatosha.

Tatu, Bwana Gitau ashushe kidevu.

Nne, Vicky aombwe radhi kwa Kiswahili sanifu, kwa sababu ndiye mtu pekee humu aliyelieleza jambo hili kwa maneno matano yakatosha.

Tano, haya yote yafanyike kabla hawajafungua njia mwezi ujao, ili Mama Vicky apelekwe Kiama kama ulivyomwahidi. Mwanamke amelala uani majira yote ya baridi kwa ajili ya mapafu yako. Hawezi kutoka humo akakuta gari la kubeba mbwa.

Nimalizie kwa kuwasalimu wote. Msalimie Vicky hapo sebuleni, msalimie Bwana Gitau hapo uzioni, msalimie Mama Vicky saa kumi, na ukinikuta jikoni nakwenda kuchukua maji, nisalimie na mimi, usijifanye unasoma.

Wako mtiifu inapobidi,
Nehemia
(mpwa, fundi, na dereva mteule ajaye)

Nyongeza: Nilikwisha kulamba gundi ya bahasha nikaona, kwa kuwa mimi ni fundi wa vipimo, nikapime kwanza ile shingo ya nyumba iko juu kiasi gani, nikuandikie hapa kimo cha sahani. Nikatoka na utepe wa kupimia. Mjomba, kaa chini.

Shingo ile inasimama juu ya miguu miwili ya chuma, ambayo hukunjwa wakati wa kuvuta. Miguu hiyo imo ndani ya baraza langu. Imezama mpaka magotini. Nilipokuwa namwaga zege mwezi wa nane niliona inanisaidia kushikilia mbao, nikasema vizuri, Mungu kaleta nguzo. Ubora wa zege umeshausoma hapo juu, na sifuti hata neno. Hakuna pikapu, la Kimarekani wala la mbinguni, litakaloivuta ile nyumba bila kuondoka na ua wote.

Nikaenda dirishani kutubu. Mama Vicky alicheka mpaka akashika pazia. Nikamwambia basi tumekwisha, maana Mjomba mwenyewe anadhani gurudumu la tano ni spea, na Jumamosi anatia sahihi. Akasema, "Hilo la spea nalijua tangu mwezi wa saba, mwanangu." Nikamuuliza mbona hukumwambia. Akarekebisha barakoa. Akasema, "Akishachagua, saa kumi atakuja kuniambia nini?"

Kwa hiyo malalamiko namba moja hadi saba nayaondoa, isipokuwa radhi ya Vicky. Jumamosi mwambie yule bwana spea haijakuridhisha. Wapo wauzaji wengine, waombe picha. Kiti chako nimekisogeza kwenye jua. Usinunue chochote, soma polepole. Kiama itasubiri, haina kazi nyingine.