Siku Uingereza Ilipoingia Hodhini

Kwa niaba ya Kamati ya Udugu wa Japani na Uingereza, tawi la wilaya ya Minatohara, nina heshima ya kuutangazia ulimwengu kwamba amani ya Mashariki imeimarishwa, na kwamba iliimarishwa ndani ya hamamu.

Mimi ndiye Katibu wa Kamati, Sukegawa. Shule niliiacha mapema nikaenda kumenya viazi kwenye meli za Waingereza, na huko ndiko nilikookota Kiingereza changu, kati ya masufuria. Wilaya nzima hakuna mwingine anayekijua. Kwa hiyo mimi ni mtaalamu.

Mkataba ulitiwa saini London, mwezi wa kwanza, mwaka wa thelathini na tano wa Mfalme Meiji, yaani 1902. Habari zilipotufikia, Mkuu wetu wa Wilaya, Mheshimiwa Numajiri, alilia mbele ya watumishi, akapangusa machozi, akaunda kamati. Ni mtu wa vitendo. Mkataba wenyewe ni mwepesi, hata muuza tofu anauelewa. Mmoja wetu akipigana na adui mmoja, tuseme Urusi, mwenzake anakaa kando anatazama. Maadui wakiwa wawili, mwenzake anavua koti anaingia. Hivyo ndivyo vijana wanavyopigana vichochoroni tangu zamani, ila safari hii mabalozi walivaa kofia ndefu.

Mheshimiwa aliona ni aibu mkataba mzuri hivyo uishie Tokyo. Akapitisha Azimio la Utekelezaji wa Mkataba katika Ngazi ya Mtaa. Linasema kila mkazi wa Minatohara ahesabike kuwa Japani, na kila Mwingereza atakayetia mguu bandarini ahesabike kuwa Uingereza mpaka atakapoondoka. Matunda yalionekana wiki ileile. Muuza samaki na muuza tofu walikunjana mashati sokoni, kisha wakakumbuka sheria, wakaachana wasubiri meli ilete Mwingereza wa kukaa kando. Mheshimiwa aliripoti Tokyo kwamba vurugu zimedhibitiwa.

Basi meli ikaja. Ilikuwa manowari ya Kiingereza, imekuja kuchukua makaa ya mawe. Kapteni wake aliitwa Pettigrew, mrefu, mpole, na vumbi la makaa limemkaa hadi kwenye masharubu. Nilimsomea hotuba ya kukaribishwa ya Mheshimiwa, kurasa zote. Alisikiliza kwa adabu, halafu akauliza wapi anaweza kuoga.

Kamati ilikutana kwa dharura. Mji wetu una hamamu moja, nyumba ya kuogea ya wote, ya Mama Otsune, mjane anayewasha tanuri lake mwenyewe tangu mumewe afariki. Juu ya hamamu ndiko anakolala, na ada ya kuoga ndiyo inayomlisha. Baada ya mjadala wa kina, yaani baada ya Mheshimiwa kusema, tuliazimia kwamba hamamu itwaliwe na Kamati, iitwe Jumba la Maji la Urafiki, na Mama Otsune ahamie milimani kwa ndugu zake kuanzia siku hiyo. Angeoga Kapteni peke yake. Meli ikiondoka, jumba lingebaki mikononi mwa Kamati, na kwa kuwa Mwenyekiti wa Kamati ni Mheshimiwa, na Mheshimiwa anasumbuliwa na mgongo, lingetumika kwa masuala ya mgongo. Sikuona kasoro yoyote. Niligonga mhuri.

Tulikwenda kwa maandamano. Mbele bendera mbili, nyuma yake Mheshimiwa na sare yake ya medali, nyuma yake Kapteni Pettigrew na taulo begani, nyuma yake mji mzima. Mama Otsune tulimkuta amekaa kizingitini, na chuma cha kuchochea moto mapajani.

Mheshimiwa alimsomea azimio la kumhamisha. Mama Otsune alisubiri hadi mwisho, akakuna sikio.

"Numajiri, mwanangu," akasema, "nilikuogesha hapa ukiwa huna meno, unalia kwa kuogopa mvuke. Leo unataka nitoke niende wapi?"

Mheshimiwa akamjulisha kwamba yeye si mwanawe, yeye ni serikali.

"Sawa, Bwana Serikali. Karatasi yako ile nyingine si inasema mimi ni Japani?"

Mheshimiwa alikubali, tena kwa fahari.

"Haya. Japani imekaa mlangoni kwake, haijamgusa mtu. Sasa wewe unayekuja kuitoa, wewe ni nani?"

Nilimwona Mheshimiwa akitafuta nchi. Kutoka nyuma sauti ya muuza samaki ikasema taratibu, "Urusi."

Mji ulicheka hadi bendera moja ikaanguka. Mheshimiwa aliniagiza niandike katika kumbukumbu kwamba yeye si Urusi. Niliandika.

Kapteni akaniuliza kuna nini. Nikamweleza hali ilivyo: Japani inashambuliwa na dola moja, na hiyo dola inakana jina. Kapteni akashusha pumzi. Akasema alitamani maji ya moto kuliko kitu chochote duniani, lakini mkataba ni mkataba. Adui ni mmoja, yeye lazima akae kando. Akapindua ndoo akaikalia, akatazama baharini. Alikaa kando kwa ustadi ambao sijapata kuuona. Ni kazi ambayo Waingereza wameizoea.

Hapo Mheshimiwa angeweza kushinda. Mama mmoja na chuma chake, dhidi ya Mkuu wa Wilaya na medali zake, na Uingereza imekalia ndoo. Lakini katika utumishi wetu hakuna mkubwa anayefanya jambo peke yake. Kila amri lazima iwe na mihuri miwili, ili jambo likiharibika, kila mwenye mhuri amwoneshe kidole mwenzake. Mheshimiwa amepanda cheo kwa njia hiyo maisha yake yote. Hata alipooa alimwita mtu wa pili athibitishe kwamba bibi harusi ni mzuri. Basi kwa mazoea tu, bila kufikiri, akageuka akamwita Mkuu wa Polisi, Bwana Togashi, asimame kando yake.

Niliona tatizo mara moja. Nilinyamaza, kwa sababu nyaraka zinaniita Katibu, haziniiti mshauri.

Togashi akasogea, mkono kwenye upanga, akatangaza kwamba na yeye yupo.

Mama Otsune akainua kidole kimoja. Akainua cha pili. "Katibu," akaniambia, "mtaarifu rafiki yetu pale kwenye ndoo."

Nikamtaarifu. Kapteni Pettigrew akasimama. Aliniuliza kama nina uhakika, nami nikahesabu upya, Mheshimiwa, Togashi, nikamjibu kwamba hesabu imesimama. Akavua koti, akalikunja vizuri, akalikabidhi kwa ndoo ililinde. Kisha akapiga filimbi kuelekea gatini. Wakaja wachochea tanuri wa meli, kundi zima, weusi tii kwa makaa, wamevaa suruali tu, kila mmoja na kipande cha sabuni mkononi. Uingereza ilikuwa imeingia vitani.

"Togashi, rudi nyuma," Mheshimiwa akanong'ona. "Hukuwahi kuwa hapa."

"Umeniita mbele za watu, Mheshimiwa," Togashi akasema kwa sauti. "Mimi si paka, niitwe nifukuzwe." Na akabaki palepale, kwa hasira, akiendelea kuwa wa pili.

Majeshi ya Uingereza yalipita katikati yao bila kumwaga damu. Mama Otsune aliwafungulia mlango mwenyewe, akakimbilia tanuri. Lililofuata ni pigo zito kwa ustaarabu wetu, na ninaliandika kwa sababu za kihistoria. Kwetu mtu anajisugua kwanza pembeni, anajimwagia, anatakata, ndipo anaingia hodhini kuloweka mwili katika maji ambayo wengine pia watayatumia. Waingereza waliingia hodhini kama walivyo, wote kwa pamoja, na sabuni zao, na makaa yao, huku wakiimba. Maji yaligeuka kijivu, halafu meusi, halafu yakaanza kuwa mazito. Siku nyingine Mama Otsune angewatoa kwa chuma cha moto. Safari hii aliangalia, akafumba macho, akasema, "Ni wenzetu hawa," akaongeza kuni. Watoto wa mtaa walichungulia dirishani wakipiga kelele za furaha, na muuza tofu alimkumbatia muuza samaki bila kujua kwa nini.

Mheshimiwa aliomba amani kabla ya jua kutua. Mimi nilibeba maneno kati ya pande mbili, umbali wa hatua chache. Masharti ya Mama Otsune yalikuwa mepesi. Hamamu ni yake na jina lake libaki. Aoge yeyote anayetaka. Na ili mji ujue kwamba hakuna kinyongo, Mheshimiwa naye aoge leoleo, katika maji yaleyale, zamu yake ikifika. Zamu yake ilikuwa ya mwisho.

Mheshimiwa aliniuliza kama tunaweza kujadili suala la maji. Nilikwenda, nikarudi. Suala la maji halikujadilika. Akagonga mhuri, na Togashi akagonga wa pili, kwa nguvu, kwa furaha ambayo si ya kikazi.

Basi akaingia. Sare na medali alizivua mlangoni, akabaki na kitambaa cha kiunoni na taulo kichwani. Alizama hadi shingoni. Alipotoka, hata mama yake mzazi asingemtambua. Akaona mbele kumejaa watu wanaomsubiri, akaniamuru nimletee sare nyuma, akapenya kwa mlango wa tanuri.

Mlango wa tanuri unatokea gatini. Wapakiaji wa makaa walikuwa wamejipanga safu kutoka kwenye tishari, mashua ya mizigo, hadi melini, wakipokezana vikapu mkono kwa mkono, kila mmoja na kitambaa cha kiunoni, taulo kichwani, na weusi uleule kama wake. Msimamizi wao, Mama Okume, ana mkono kama kasia.

"We mzembe, unatoka kuoga saa za kazi?" Akamvuta, akamsimamisha penye pengo. "Shika kikapu."

Mheshimiwa akasema yeye ni serikali. Mama Okume akamwambia hata serikali ina mikono miwili. Nami nilipofika na sare nilitathmini hali kwa makini. Yeye mmoja, Mama Okume mmoja. Nikakaa kando, kama mkataba unavyonitaka.

Kapteni Pettigrew, msafi, ananukia sabuni, alikuwa juu ya sitaha. Aliniuliza yule mzee anayepokea vikapu huku akilia ni nani. Nilimwambia ukweli, kwamba ni Mkuu wa Wilaya. Kapteni akavua kofia. Akasema ametembea bandari nyingi na hajaona mkubwa wa serikali akimbebea mshirika makaa kwa mikono yake. Aliuarifu ubalozi wake usiku huohuo. Ubalozi ukashukuru wizara. Wizara, ambayo haikuwahi kusikia lolote jema kutoka Minatohara, ikatuma simu ya pongezi na agizo: desturi hii tukufu iendelezwe kwa kila meli ya Kiingereza itakayotia nanga, na itekelezwe na Mheshimiwa mwenyewe, asitume mwakilishi, kwa muda wote wa mkataba.

Mkataba ni wa miaka mitano. Jana, baada ya kikapu cha mwisho cha meli nyingine, Mheshimiwa alinituma niulize Tokyo, kwa siri, kama kuna njia ya kuuvunja. Jibu limefika asubuhi hii. Wanasema tusiwe na hofu yoyote: pande zote mbili zimeridhika mno, na wanafikiria kuurefusha.