Vifungo vya Upande wa Jirani

Jumatatu, 3 Machi
Fundi mkuu wa karakana yetu ya ushonaji kanigombeza mbele za watu. Eti shati la mlinzi halihitaji kola yenye mkia wa mbayuwayu. Ubunifu wangu ule! Akamalizia kwa Kiingereza: toe the line, la sivyo Ijumaa narudi kijiweni. Nikaitikia kama mwenye shahada. Nyumbani dada kanifafanulia huku akicheka: kama wakimbiaji wanavyopanga vidole vya miguu kwenye mstari mmoja. Yaani fanya kama wenzako, usijitie ujuaji. Hilo tu? Hata kondoo anaweza!

Jumanne, 4 Machi
Ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Namwiga Kimbaumbau, jirani yangu wa cherehani, fundi asiyekosea. Akiinama, nainama. Akikohoa, nakohoa. Kaniuliza kama nimelogwa. Nikamjibu niko mstarini, kaka, usinitoe. Akasonya. Nikasonya.

Jumatano, 5 Machi
Mashati saba! Mpiga pasi alikuwa anaimba peke yake, nikamwonya kwamba mstarini hakuimbwi. Akasema nikirudia atanipiga pasi mdomo. Wivu huo.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa! Mlinzi kaja kujaribu shati. Kapapasa vifungo kama mtu anayetafuta kitasa gizani, kisha akauliza kwa upole kama hili ni la mkewe. Kumbe Kimbaumbau wiki nzima anashona blauzi za wauguzi! Za kike vifungo kushoto, za kiume kulia. Nami nimemfuata kama mkia, mashati yote. Mpiga pasi kacheka mpaka akakaa chini. Jicho nimelivunja bure, na kesho ni Ijumaa. Chakula hakikupita. Sahani ya pili, basi, kwa shida.

Ijumaa, 7 Machi
Nimefumua tangu asubuhi. Kimbaumbau kanisaidia bila kuombwa, akinung'unika kwamba mtoto wa watu huyu atamuua. Jioni fundi mkuu kashika shati, kasema mshono wangu umenyooka hata unapopotea. Nibaki. Nibaki! Akauliza nimejifunza nini. Nikasema mengi, mzee.

Na kweli. Kosa lilikuwa kumwiga fundi mdogo. Jumatatu namwiga fundi mkuu mwenyewe: mikono nyuma, tumbo mbele, kugombeza kila anayepita. Nimeanza mazoezi hapa nyumbani.

Naandikia barazani. Dada kanifungia nje.