Nilivyoichora Nchi ya Magharibi, Hapa Hapa Berea

Jumatatu, 9 Juni

Siku kubwa! Mwenye jengo amesalimu amri. Upande wa magharibi, uliofungwa miaka na miaka, ameukabidhi kwa umoja wetu wa wapangaji. Tukiusafisha, tunakaa. Umoja wenyewe bado mchanga, hata mhuri hauna, na tayari una nchi mpya! Nimepiga vigelegele dirishani mpaka dereva wa teksi kule kwenye roboti, taa za barabarani, akajibu kwa honi.

Nina haja yangu. Tangu nifike hapa Berea, kusini mwa Afrika, mwezi wa kwanza nalala sebuleni kwa binti yangu Denise, nyuma ya pazia. Upande wa pili wa pazia mkwe wangu Égide anatazama mpira akiwa na kaptura. Mama mkwe na mkwe, katikati kitambaa! Watu wa mtaani kwetu Buyenzi wakisikia, uso nitauficha wapi? Nataka chumba. Chenye mlango.

Jioni mjukuu wangu Sonia alikuwa anasoma ya shuleni. Eti Marekani ilipokuwa nchi changa ilinunua ardhi ya magharibi bila kuiona, ikatuma watu waitembee na kuichora. Nikamuuliza hao wachoraji walijipa kipande gani. Akasema kitabu hakisemi. Kitabu gani hicho! Anayechora ndiye anayejua pazuri. Nimeshaamua.

Jumanne, 10 Juni

Mkutano ngazini. Mwenyekiti wetu Jelimo, Mkenya, sauti kama kengele, akauliza nani ataingia kukagua na kuchora, apendekeze nani akae wapi. Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajameza mate.

Na wa Vénérand pia! Huyu alifundisha sekondari kwetu, kule Gitega. Hapa analinda duka la viatu, lakini bado anataka aitwe Profesa. Akasema simu yake inapima kuta yenyewe. Nikamwambia mimi nimepima vitenge sokoni maisha yangu yote, na mkono wangu haujaishiwa chaji hata siku moja. Watu wakafa kwa kicheko. Jelimo akasema twende wote wawili. Eish.

Jumatano, 11 Juni

Tumeingia alfajiri. Giza! Madirisha karibu yote yamezibwa kwa mbao. Mavi ya njiwa hadi kwenye kifundo cha mguu. Panya mmoja akapita, Profesa akanishika mkono. Simu yake ikapima choo, ikasema ni kirefu kuliko jengo. Mimi nikatandaza kitenge changu, chumba baada ya chumba. Kitenge hakidanganyi.

Mwisho wa ukumbi, upande wa kaskazini, tukanusa chai. Kumbe kuna mtu! Pandu, Mzanzibari, fundi wa cherehani. Nikamtangazia kwamba tumeigundua nchi hii kwa niaba ya umoja. Akatumiminia chai, akasema hongera bi mkubwa, ila tumeigunduaje na yeye yumo tangu zamani. Nikamuuliza kwa nini amejibana kwenye kichumba kama kabati na vikubwa viko vitupu. Akasema hapa ndipo jua linapokaa. Nimecheka mpaka chai ikanitoka puani! Mimi nimezaliwa chini ya jua. Kwetu Bujumbura linapita juu ya utosi na kila mtu anapata lake. Lini jua limechagua chumba? Profesa alikuwa nje anafuta viatu, hakusikia.

Halafu mwisho mwingine, kusini. Mama yangu! Chumba kama ukumbi wa harusi. Dirisha pana, limezibwa, lakini pana. Mlango mzima! Moyo ulinidunda. Nikaweka uso wa msiba, nikamwambia Profesa hiki kinanuka, twende.

Ijumaa, 13 Juni

Nimechora. Nyuma ya kalenda ya mwaka jana, kwa kalamu ya Sonia. Chumba cha kusini nimekiandika jina langu, nikakichora kidogo, cha kusikitisha. Kichumba kingine kama kabati, kilicho ubavuni kwa Pandu, nimempa Vénérand, nikakichora kikubwa kama kanisa. Alipoona akanishukuru kwa Kifaransa. Nilikaribia kuona haya. Ikapita.

Jumatatu, 16 Juni

Sikukuu ya vijana, umoja wote umekuja na nyundo kubandua mbao. Nikasimama kwenye mlango wangu kama malkia, nikingoja watu wapigwe na butwaa.

Mbao za Vénérand zikaanguka. Jua likamwagika humo kama mawese! Kina mama wakavua masweta, wakakaa sakafuni na watoto wao. Mbao zangu zikaanguka. Upepo! Denise akagusa ukuta, akarudisha mkono upesi, akaniuliza kama kweli nimechagua mwenyewe. Pandu akawaeleza watu kwamba huku, wakati wa baridi kama sasa, jua linapita upande wa kaskazini tu. Chumba cha kusini halikioni mpaka baridi iishe. Nchi gani hii! Na kwa nini mtu haambiwi mapema?

Jelimo akatazama ramani, akatazama chumba changu. Akatoa leso. Akasema mama huyu ameshika kalamu, angeweza kujipa jua, akawapa wenzake akabaki na baridi. Watu wakapiga makofi! Profesa akavua kofia. Niliinamisha kichwa kama mtakatifu.

Jumatano, 18 Juni

Nimelala na koti, blanketi mbili na soksi za Égide. Meno yanagonga kama cherehani ya Pandu. Denise ananibembeleza nirudi nyuma ya pazia. Kamwe! Nina mlango.

Asubuhi mlango ukagongwa. Vénérand, godoro kichwani. Akasema Maman, aibu inamnyima usingizi, mzee kama mimi hafai kuganda, tubadilishane leo leo. Nikamtazama kuanzia juu hadi chini. Mtu aache jua aje kwenye barafu, bure? Ananiona mjinga kwa kuwa niliishia darasa la nne! Nikamwambia Profesa, beba godoro lako, nimekushtukia.

Chumba hiki kina kitu, na yeye amekigundua kabla yangu. Mimi siwezi kutanguliwa. Ubao wa kwanza wa sakafu nimeshaung'oa. Chini yake, upepo. Naendelea na wa pili.