Kufuli Moja, Prosesa Nane

Jumatatu, 4 Machi
Mashine mpya imefika. Prosesa nane, yaani bongo nane ndani ya kompyuta moja! Mfumo endeshi wetu umezoea prosesa moja tu, hasa ile sehemu ya kugawa kumbukumbu, inayoipa kila kazi ukurasa wake wa kuandikia. Mkurugenzi kasema atakayeirekebisha kabla wageni hawajaja kuiona Ijumaa, ndiye mkuu wa kitengo. Mwenzangu wa meza ya pili, Bi Taratibu, kaanza kuweka vikufuli vidogo vidogo kila pembe ya msimbo wa programu, ili prosesa mbili zisigombee kitu kimoja. Masikini! Mimi nimeweka kufuli moja kubwa mlangoni mwa sehemu nzima. Nimemaliza kabla ya chai. Akili hii nimeitoa wapi?

Jumanne, 5 Machi
Haijazima hata mara moja! Ila ni nzito kuliko ile ya zamani. Prosesa moja ikiingia, saba zinapanga foleni nje. Nimemsimulia mke wangu, kacheka hadi akakaa chini. Eti ndivyo nifanyavyo na bafu letu asubuhi: najifungia na gazeti, yeye na mama yake wanasubiri na mataulo. Nikamwambia asichanganye bafu na sayansi.

Jumatano, 6 Machi
Nimepata! Nimeng'oa kufuli. Mashine inapaa! Mkurugenzi kanipigia makofi. Bi Taratibu kauliza itakuwaje prosesa mbili zikigawa ukurasa uleule wa kumbukumbu kwa watu wawili. Wivu mtupu. Nikamjibu kuwa prosesa zangu zina adabu.

Ijumaa, 8 Machi
Ukumbi ulijaa. Mkurugenzi alikuwa na hotuba yake kwenye mashine. Mimi, chini kwa chini, nilikuwa naandika humo humo hotuba yangu ya kupokea ukuu. Zote mbili zikapewa ukurasa mmoja! Mkurugenzi, ambaye husoma kwanza na kuelewa baadaye, akawatangazia wageni kuwa anawakaribisha kwa moyo mkunjufu, na kwamba kitengo kimefika hapa licha ya mkurugenzi mzito wa kichwa. Nilitamani ardhi ipasuke. Kisha wageni wakaangua kicheko, wakasimama kushangilia. Kiongozi anayejicheka mwenyewe!

Baadaye msimbo wa Bi Taratibu ukawekwa, ukaenda kasi bila kuchanganya chochote. Ukuu kapewa yeye. Bahati tu. Lakini hotuba ya nani iliyoshangiliwa wima? Yangu!

Jumamosi, 9 Machi
Mke kalalamika tena juu ya foleni ya bafu. Nimechukua bisibisi, nimeng'oa komeo la mlango. Foleni kwisha! Watanishukuru. Mama mkwe kapita sasa hivi kuelekea bafuni, taulo begani. Nami nachukua la kwangu.